Kuomba kazi serikalini kupitia Ajira Portal: kuanzia vyeti hadi kuripoti kituoni

Nafasi nyingi za kazi serikalini Tanzania Bara hupitia mlango mmoja: Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichowekwa chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, kwa marekebisho ya mwaka 2007. Mwajiri akishapata kibali cha kuajiri, awe wizara, wakala, chuo au halmashauri, Sekretarieti ndiyo hutangaza, huchuja, husaili na kupanga vituo. Tangu 2024 hata walimu, ambao awali walipangwa na TAMISEMI bila usaili, wameingizwa kwenye utaratibu huu. Zanzibar ina utaratibu wake chini ya Tume ya Utumishi Serikalini, na mwongozo huu hauihusu.

Waombaji wengi huanguka kabla hawajaulizwa swali hata moja la taaluma yao. Barua haina saini, jina la kwenye cheti cha kidato cha nne halifanani na la kwenye cheti cha kuzaliwa, nakala haina mhuri wa wakili, mtu kapandisha matokeo ya muda badala ya cheti. Haya yote yanazuilika, lakini si ndani ya muda wa tangazo. Tangazo la kawaida hukaa wazi siku 14 tu, na kurekebisha jina au kutafuta cheti kilichopotea huchukua zaidi ya hapo. Kwa hiyo anza kazi hii leo, hata kama hakuna nafasi ya kada yako iliyotangazwa.

Hatua ya 1: Linganisha majina kabla ya kitu kingine

Tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho au namba ya NIDA, cheti cha kidato cha nne, cha kidato cha sita kama unacho, na vyeti vya chuo. Chukua karatasi, andika jina kama lilivyo kwenye kila kimoja, herufi kwa herufi, yakiwa yamepangana kwenda chini. Usisome kwa kupitisha macho. Mfano wa kinachojitokeza:

Cheti cha kuzaliwa: Halima Juma Mussa
NIDA: Halima Juma Musa
Kidato cha nne: Halima J. Mussa
Stashahada: Halima Mussa Juma

Hapo kuna kasoro tatu za aina tofauti. Herufi iliyopungua kwenye NIDA hurekebishwa NIDA kwenyewe, ofisi ya wilaya, kwa kuwapelekea cheti cha kuzaliwa. Jina la kati lililofupishwa kuwa herufi moja mara nyingi si tatizo kubwa, maana herufi inakubaliana na jina kamili. Hili la tatu, majina yaliyogeuzwa mpangilio au jina tofauti kabisa (mwanamke aliyechukua jina la mume, mtu aliyesoma kwa jina la mlezi), linahitaji hati ya kisheria ya kubadili au kuthibitisha majina, iliyoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kiapo cha kawaida kilichogongwa mhuri na wakili na kuishia hapo kimewakwamisha wengi mlangoni siku ya usaili, kwa sababu hakijasajiliwa. Lipa, sajili, weka nakala.

Linganisha na tarehe za kuzaliwa vilevile. Umri una uzito hapa: matangazo hutaka mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa aliye tayari kwenye utumishi wa umma.

Hatua ya 2: Kusanya vyeti vinavyokubalika, kisha vithibitishe

Soma sharti hili polepole, kwa kuwa ndilo linaloua maombi mengi kuliko yote. Matokeo ya muda, barua ya chuo inayosema umehitimu, na karatasi za matokeo ya kidato cha nne na cha sita havipokelewi. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe. Kwa shahada na stashahada weka na orodha ya matokeo ya masomo yote pamoja na cheti. Ukiwa na kimoja pasipo kingine, maombi yako hayajakamilika.

Kama chuo hakijakupa cheti kwa sababu ya deni la ada, malizana nacho kwanza. Kama cheti cha kidato cha nne kimepotea, pata taarifa ya upotevu kutoka polisi, kisha fuata utaratibu wa NECTA, Baraza la Mitihani. Kama huna cheti cha kuzaliwa, omba RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi na vifo, kupitia mfumo wao wa mtandaoni au kwa msajili wa wilaya katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Uliyesoma nje ya nchi unahitaji uhakiki na ulinganifu: NECTA kwa elimu ya sekondari, NACTVET kwa vyuo vya kati, TCU kwa shahada. Na kada zenye bodi zina karatasi ya ziada: mhandisi usajili wa ERB, daktari wa Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, mtu wa ugavi wa PSPTB. Panapodaiwa leseni hai, iliyokwisha muda haifai kitu.

Kazi zisizodai shahada nazo zina masharti yake mahususi, na hapa watu hudhani mambo ni mepesi. Dereva, kwa mfano, hutakiwa kuwa na cheti cha kidato cha nne, leseni daraja E au C aliyoitumia kazini kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na cheti cha mafunzo ya msingi ya uendeshaji magari kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Wako madereva hodari wa malori wenye uzoefu wa miaka mingi wanaokosa kitu kimoja tu, hicho cheti cha mwisho. Mtendaji wa kijiji hutakiwa awe na cheti kwenye fani kama utawala, sheria, maendeleo ya jamii au usimamizi wa fedha, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa. Mwandishi mwendesha ofisi huulizwa hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 100 kwa dakika moja.

Sasa uthibitishaji. Toa nakala za vyeti halisi, mpelekee wakili nakala pamoja na vyeti halisi aone vyote viwili, agonge mhuri na kusaini kwenye nakala. Simamia mhuri ukigongwa: ukiangukia juu ya namba ya mtihani, jina au daraja la ufaulu, nakala hiyo haisomeki, omba irudiwe. Ndipo skani nakala iliyogongwa mhuri. Watu wengi huskani cheti halisi kisichokuwa na mhuri wakidhani ndicho bora zaidi.

Kuhusu skani: tumia mashine ya steshenari au programu ya skana ya simu, si picha ya kawaida iliyopigwa kitandani yenye kivuli cha mkono. Kila cheti faili lake la PDF, kurasa za cheti kimoja ziwe pamoja na zimesimama wima. Mfumo una kikomo cha ukubwa wa faili, hivyo ukikataliwa punguza ubora kidogo, kisha fungua faili ukuze uone kama namba bado zinasomeka. Yape majina yanayoeleweka: CHETI_KIDATO4, CHETI_KUZALIWA. Tunza seti nzima kwenye simu, kwenye baruapepe yako na kwenye flashi.

Hatua ya 3: Fungua akaunti na uijaze mpaka mwisho

Ajira Portal ni mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti wa kupokea maombi, na anuani yake ni portal.ajira.go.tz. Kujisajili kunahitaji baruapepe na namba ya NIDA yenye tarakimu 20. Usitumie baruapepe ya mtu wa steshenari wala ya kaka yako. Neno la siri likisahaulika, ujumbe wa kulibadilisha huenda kwenye baruapepe hiyo, na tumeona watu wakipoteza nafasi kwa kuwa mwenye baruapepe amesafiri. Namba ya simu nayo iwe laini uliyoisajili wewe na utakayobaki nayo.

Jaza sehemu zote: taarifa binafsi, mawasiliano, elimu, taaluma, lugha, uzoefu wa kazi, mafunzo mafupi, ujuzi wa kompyuta, wadhamini, viambatisho vingine na tamko la mwisho. Sehemu tatu zinahitaji uangalifu wa pekee.

Elimu. Mfumo utakutaka uchague ngazi na fani kwenye orodha. Chagua jina la programu lililo karibu kabisa na lililoandikwa kwenye cheti chako. Aliyesoma Uhasibu na Fedha akichagua Utawala wa Biashara kwa kuwa ndiyo iliyotokea kwanza, mchujaji anaona mtu asiye na sifa iliyotangazwa. Weka pia kidato cha nne na cha sita, hata kama una shahada ya uzamili.

Makazi. Usaili wa mchujo wa kada zenye waombaji wengi siku hizi hufanyika mikoani, na mkoa unaopangiwa hutokana na makazi ya sasa uliyoandika kwenye akaunti. Aliyehama Mwanza kwenda Mbeya bila kubadilisha hiyo sehemu hujikuta akitafuta nauli ya kurudi Mwanza. Ukihama, badilisha siku hiyohiyo.

Wadhamini. Wanatakiwa watatu, wenye simu zinazopatikana na anuani kamili. Mwalimu wako wa chuo, msimamizi wa mafunzo kwa vitendo, mkuu wa kazi uliyowahi kuifanya. Ndugu wa damu hafai. Mwombe ruhusa kila mmoja kabla ya kuandika jina lake, na mpe taarifa kila unapoomba nafasi, asije akapigiwa simu akasema hakukumbuki.

Mwenye ulemavu aoneshe hali yake katika sehemu husika ya akaunti. Matangazo yenyewe yanahimiza hivyo, na husaidia maandalizi ya usaili. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Kuficha hali yako hakukupi faida yoyote.

Hatua ya 4: Soma tangazo, kisha lisome tena

Pakua tangazo zima la PDF. Usitegemee picha ya ukurasa mmoja iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp. Weka alama kwenye mambo manne: sifa za mwombaji, majukumu ya kazi, masharti ya jumla ya ukurasa wa mwisho, na tarehe ya mwisho. Kwenye sifa, pima neno kwa neno. Tangazo likisema stashahada ya fani fulani, shahada ya fani hiyo haimaanishi umepita, kwa sababu kada hiyo ina muundo wake wa utumishi na unapimwa kwa sifa iliyotajwa.

Aliyekwisha kuajiriwa serikalini asome kwa makini kifungu kinachomhusu: anayetaka kuhamia kada nyingine aliyojipatia sifa hupitisha barua kwa mwajiri wake, na aliyeachishwa au kustaafu haruhusiwi kuomba bila kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi. Kujifanya hujawahi kuajiriwa hakusaidii, taarifa zako za utumishi zipo.

Hatua ya 5: Barua ya maombi

Iwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili au Kiingereza kama tangazo linavyoruhusu. Anuani inakopiwa kutoka kwenye tangazo lenyewe, maana nafasi nyingine za halmashauri huelekezwa kwa Mkurugenzi wa halmashauri husika. Zile za Sekretarieti huandikwa hivi:

Katibu,
Ofisi ya Rais,
Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma,
S.L.P. 2320,
DODOMA.

YAH: MAOMBI YA KAZI YA DEREVA DARAJA LA II

Jina la kada na daraja viandikwe kama vilivyo kwenye tangazo, pamoja na jina la mwajiri kama limetajwa. Aya ya kwanza useme nafasi unayoomba na umeliona tangazo la tarehe gani. Ya pili, sifa zako zikijibu sifa zilizotajwa, kwa mpangilio uleule. Ya tatu, uzoefu kama upo, kwa miaka na mahali. Maliza kwa kueleza utakavyopatikana.

Ichapishe, isaini kwa kalamu, kisha iskani. Barua isiyo na saini hutupwa. Jina lililochapwa kwa mwandiko wa kuremba si saini. Na andika barua mpya kwa kila nafasi. Barua ya mwezi uliopita yenye jina la mwajiri mwingine inasomwa na mtu, na mtu huyo anaona.

Hatua ya 6: Tuma mapema, hakikisha imefika

Lenga kutuma ndani ya siku tano za mwanzo. Siku ya mwisho usiku mfumo hulemewa, na hakuna anayekusogezea muda kwa sababu intaneti ilikuwa nzito. Kabla ya kutuma, fungua kila kiambatisho ukiwa ndani ya mfumo, uone kilichopanda ndicho ulichokusudia. Thibitisha tamko. Ukishatuma, nenda kwenye orodha ya maombi yako, uone nafasi hiyo imeorodheshwa, piga picha ya skrini.

Majina ya wanaoitwa hutolewa kwenye tovuti ya Sekretarieti. Ukikosa jina lako, ingia kwenye akaunti usome sababu iliyowekwa dhidi ya maombi hayo, urekebishe kasoro hiyohiyo kabla ya kuomba tena. Kuna waombaji wanaotuma kwa miaka wakiamini kazi zina wenyewe, huku akaunti ikiwaambia kila mara kwamba cheti hakijathibitishwa.

Usaili

Kada yenye waombaji wengi huanza na mchujo wa maandishi, ambao sasa hufanywa zaidi kwa kompyuta. Kisha kuna usaili wa vitendo kwa kazi za mikono na mitambo (udereva, uchapaji, ufundi), halafu mahojiano ya ana kwa ana. Gharama za nauli, chakula na malazi ni zako, zitenge mapema.

Siku mbili kabla, ingia kwenye akaunti unakili namba yako ya mtihani. Hukuiandika, utahangaika mlangoni. Beba kitambulisho kinachokubalika (NIDA, mpiga kura, mkazi, leseni ya udereva au hati ya kusafiria) na vyeti halisi vyote kuanzia cha kuzaliwa hadi cha juu kabisa, pamoja na ile hati ya majina kama inakuhusu. Nakala zilizogongwa mhuri hazitoshi siku hii.

Asiyezoea kompyuta aende mapema kufanya mazoezi ya kutumia kipanya na kubofya jibu. Wapo wenye maarifa wanaoshindwa kumaliza maswali kwa sababu mkono hauendi. Maandalizi ya maudhui yaanze kwenye orodha ya majukumu iliyo ndani ya tangazo. Geuza kila jukumu kuwa swali. Likisema "kutunza kumbukumbu za matengenezo ya gari", ujue kitabu cha safari kina nini, nani anasaini, na unafanya nini gari likigonga mifugo njiani. Ongeza sheria iliyounda taasisi unayoomba, muundo wake, na Kanuni za Maadili ya utumishi wa umma. Ukizungumzia upimaji wa utendaji, sema PEPMIS, mfumo wa kielektroniki unaotumika sasa. OPRAS, utaratibu wa zamani wa fomu, imeachwa, na kuitaja kana kwamba ndiyo inayotumika kunaonesha umesoma makaratasi ya zamani.

Matokeo ya mchujo hutoka na alama na hali ya kila namba. Kupata zaidi ya nusu si hakikisho la kuendelea, kwa kuwa idadi inayochukuliwa hutegemea nafasi zilizopo. Ukifaulu mahojiano ukakosa nafasi, jina lako hubaki kwenye kanzidata na unaweza kupangiwa kwa mwajiri mwingine bila usaili mpya. Ndiyo sababu ile namba ya simu isibadilishwe.

Matapeli

Kusajili akaunti na kutuma maombi hakuna ada. Anayekuomba pesa "ya kuweka jina kwenye kanzidata" au "ya fomu ya kituo" ni tapeli au mla rushwa. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040. Akiwa mtumishi anayedai chochote, piga 113, simu ya bure ya TAKUKURU. Usilipe kwanza ndipo ulalamike.

Wakati unasubiri

Jisajili pia na Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, ulioanzishwa 2008. Huo huunganisha watafuta kazi na waajiri, wakiwemo wa sekta binafsi, hutoa ushauri wa namna ya kuandika wasifu na kukabili usaili, na huwapeleka wahitimu kwenye mafunzo ya uzoefu kazini. Hayo mafunzo yana thamani kubwa, kwani yanakupa mdhamini wa kweli na barua ya uzoefu yenye mhuri. Fundi mwenye ujuzi wa gereji au wa ujenzi aliyejifunza kwa kufanya kazi aende VETA kwenye urasimishaji wa ujuzi: hupimwa, hupewa mafunzo ya kuziba pengo, na hupata cheti. Ukipitia wakala binafsi wa ajira, hasa kwa kazi za nje ya nchi, thibitisha TaESA kwamba amesajiliwa kabla ya kumkabidhi pasipoti, na kumbuka haruhusiwi kumtoza mtafuta kazi ada ya kumpatia kazi.

Ukiitwa kazini

Barua ya kupangiwa kituo ina muda wa kuripoti. Usipofika ndani ya muda huo, nafasi hupewa mwingine. Ukiwa na dharura ya kweli, kama ugonjwa au uzazi, mwandikie mwajiri kabla muda haujaisha, na uambatishe uthibitisho. Ripoti ukiwa na vyeti halisi kuanzia kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, picha ndogo kadhaa na taarifa za akaunti yako ya benki. Mwajiri atahakiki vyeti kabla ya kukupa barua ya ajira, na cheti cha kughushi kinakupeleka kwenye vyombo vya sheria. Weka akiba ya kujikimu ya mwezi mmoja hadi miwili, kwa kuwa mshahara wa kwanza husubiri taarifa zako ziingizwe kwenye mfumo wa mishahara. Kila fomu unayosaini siku ya kwanza, pamoja na ile ya kujiunga na PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, baki na nakala yake.